Nitajuaje kwamba nimealikwa?

Wiki hii mmeuliza kama ni utovu wa adabu kukataa mwaliko. Mimi nakwama kabla ya hapo: nitajuaje kwamba nimealikwa kweli?

Mwaka wangu wa kwanza kazini Marekani, mwenzangu wa meza ya jirani, mama mmoja, aliniambia kila Ijumaa tulipoagana, "Siku moja lazima uje nyumbani, watoto wakuone." Nikaichukua kuwa ahadi. Jumamosi ya kwanza sikutoka, nangoja simu. Ya pili nikakataa matembezi na wengine, nisije nikaitwa nisipatikane. Nilikwisha kuwanunulia wale watoto vitabu viwili vya picha, vikakaa juu ya kabati. Wiki ya tano nikamuuliza, "Nije Jumamosi hii?" Uso ukambadilika. Akasema ataangalia ratiba, akainamia karatasi zake. Ijumaa zilizofuata aliniaga kwa "wikendi njema" tu. Vitabu vile ninavyo mpaka leo.

Kwa miaka niliuita uongo. Baadaye nikasoma utafiti wa Ellen Isaacs na Herbert Clark wa mwaka 1990, kuhusu mialiko ambayo mwalikaji na mwalikwa wote wanajua kuwa si ya kwenda. Dalili zake nilizitambua mara moja: siku haitajwi, saa haitajwi, wala mwalikaji hashikilii. Lakini kipimo hicho hakifai kila mahali. Wairani wana desturi ya adabu iitwayo taarofu, ambapo mtu aweza kushikilia tena na tena kwa heshima tu, na mgeni hutarajiwa akatae kwanza. Na sisi je, "karibu sana nyumbani" tunaisema mara ngapi bila kutaja siku?

Hapa naona hasira yangu inalegea. Huenda yule mama alikuwa ananiambia jambo jingine, kwamba amenizoea, kwamba mimi si mgeni tena pale kazini. Nami nikamdai Jumamosi.

Basi, kukataa si utovu wa adabu, mradi mwaliko una siku. Usio na siku hauna cha kukataliwa, mtu ashukuru tu. Ila kwa mgeni aliye peke yake, asiye na wa kumfafanulia, sikubali kwamba hilo linatosha. Huyo mtajieni siku, au msimwambie aje.

Mwezi uliopita yule mama aliniandikia, baada ya miaka mingi: "Lazima tuonane siku moja." Nilimjibu, "Lazima," nikamwomba anisalimie watoto. Sikuuliza lini.