Funguzi Zisizozoeleka na Riziki ya Mchezaji wa Sataranji

Swali: Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Mombasa, na kiwango changu cha FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ni 1640. Nikiwa na kete nyeusi, kila anayeanza kwa d4 (herufi na namba hutaja mraba ambao kete inakwenda) namjibu kwa e5, yaani Gambiti ya Englund, ufunguzi wa kumtoa askari sadaka mapema. Nikiwa na nyeupe naanza kwa b4. Kwenye simu, katika michezo ya dakika tatu, nashinda sana, lakini katika mashindano yangu ya mwisho Nairobi nilipoteza michezo minne kati ya sita. Kocha wangu anataka niziache funguzi zote mbili. Je, mtu anayetaka kuishi kwa sataranji anaweza kufika popote kwa funguzi za namna hii?

Jibu: Ndugu msomaji, wewe na kocha wako mmezitia funguzi hizi mbili katika kapu moja, nami naona hazifanani hata kidogo, kwa hiyo naomba nianze kwa kuzitenganisha.

Tuiangalie Englund hatua kwa hatua. Nyeupe anakula e5, farasi wako anakwenda c6, farasi wake f3, malkia wako e7, askofu wake f4 kumlinda askari. Hapo malkia wako anaruka b4 na kumtishia mfalme, askofu wa nyeupe anarudi d2 kuziba, nawe unakula b2. Mpinzani wa dakika tatu, akiona ngome yake ya a1 inawindwa, huisogeza ile ile kete aliyokwisha kuishika, askofu, hadi c3, na mchezo umekwisha: askofu wako anakwenda b4, malkia wake anakuja d2, unakula c3, naye akila kwa malkia unampigia c1 na mfalme amefungwa. Ni mtego mzuri, siukatai. Lakini mpinzani ambaye amewahi kunaswa mara moja hatamweka askofu c3, atamweka farasi. Ukileta askofu b4, ngome yake inasogea b1, malkia wako anakimbilia a3, kisha farasi anaruka d5, anamtishia askofu wako wa b4 na askari wa c7 kwa wakati mmoja. Malkia wako yuko ukingoni, mfalme wako bado katikati, na kete zako nyingi hazijatoka nyumbani. Katika mchezo wa saa nne, mtu wa kiwango cha 1700 ana muda wa kutosha kuyaona hayo yote hata kama hajawahi kuyasoma.

Ufunguzi wa b4 ni jambo lingine. Savielly Tartakower aliucheza dhidi ya Géza Maróczy mjini New York mwaka 1924, akaupa jina la orangutani baada ya kutembelea bustani ya wanyama ya mji huo, na jina hilo la mzaha limewafanya watu wengi waudharau bila sababu. Nyeusi akijibu e5, askofu wako anakwenda b2. Askofu wake akila b4, wako anakula e5, nawe umebadilisha askari wa pembeni kwa askari wa katikati. Hukupata faida kubwa, lakini hukupoteza kitu, na mbele yako kuna mchezo wa kuchezwa.

Kipimo ninachokitumia mimi ni swali moja: mpinzani akijua jibu lililo bora, nabaki na nini? Tony Miles, mtu wa kwanza aliyezaliwa Uingereza kupata cheo cha grandmasta, kile cha juu kabisa katika sataranji, kwa mchezo wa ana kwa ana, alikutana na Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, katika mashindano ya timu ya Ulaya huko Skara, Sweden, mwaka 1980. Karpov alianza kwa e4, naye akamjibu a6, halafu b5, akashinda. Watu husimulia kisa hicho kama muujiza wa mshangao, ilhali ukizitazama hatua zenyewe utaona kwamba askofu wake alikwenda b7, askari wa c akaja kuipiga katikati ya ubao, na hakuna alichokuwa amekitoa sadaka. Hata Karpov angejiandaa mwezi mzima, asingepata pa kumaliza mchezo huo katika hatua kumi. Upande wa pili wa sarafu tunaukuta kwa Bent Larsen, ambaye kwa miaka mingi aliwasumbua wakubwa kwa b3, lakini mwaka 1970 huko Belgrade, Larsen akiwa na nyeupe, Boris Spassky alimshinda kwa hatua 17 tu.

Sasa nieleze kwa nini wachezaji wa kulipwa huzitumia funguzi hizi, kwa kuwa hapo ndipo sehemu mbili za swali lako, funguzi na riziki, zinapokutana. Katika mashindano ya wazi ya raundi tisa, majina ya wapinzani wa kesho hutoka usiku. Mara nyingi nimekuwa katika chumba cha kukodi cha watu watatu, chai imepoa kando ya kompyuta, nikifungua hifadhidata, yaani kumbukumbu ya michezo iliyokwisha kuchezwa, kutafuta michezo ya mtu nitakayekutana naye asubuhi, naye wakati huo huo anaitafuta yangu. Mchezaji wa juu kabisa ana wasaidizi wanaoifanya kazi hiyo akiwa amelala. Mimi sina. Ufunguzi usiozoeleka unanipunguzia usiku huo, kwa sababu mstari wa hatua 25 ambao injini, programu ya kompyuta ya sataranji, imemwandalia mpinzani hautamfaa tena, nasi sote tunaanza kufikiri mapema. Baadur Jobava wa Georgia, anayeanza kwa d4 kisha farasi c3 na askofu f4, na Richárd Rapport wa Hungaria wamefika mbali kwa njia hiyo. Lakini ukicheza michezo 80 kwa mwaka, kila mmoja ukiingia kwenye hifadhidata, mshangao wako una umri mfupi. Kinachobaki ni kuzifahamu nafasi zake kuliko wengine.

Kuhusu riziki nitakuambia wazi. Cheo cha grandmasta kinadai kiwango cha 2500 pamoja na normu, yaani matokeo ya kiwango cha 2600 katika mashindano ya angalau raundi tisa, na kwa kawaida zinatakiwa tatu za namna hiyo. Wapinzani hawawezi kuwa wote wa nchi yako, na wenye vyeo wanatakiwa wawemo. Kwa mtu wa Mombasa maana yake ni viza, nauli na siku kumi za malazi kila unapojaribu. Amon Simutowe wa Zambia alipata normu yake ya tatu Uholanzi mwaka 2007, lakini cheo kilimfikia mwaka 2009. Ulaya, vilabu vya ligi za sataranji kama Bundesliga ya Ujerumani huwalipa wachezaji wao. Waliobaki wanaishi kwa kufundisha, mimi nikiwa mmoja wao. Zawadi si mshahara: kuna shindano moja ambalo nilishika nafasi ya pili, na fedha zangu zikanifikia baada ya miezi minane, wakati nilikuwa nimekwisha kukopa nauli ya kurudi nyumbani. Simutowe mwenyewe alisomea Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas, kwa ufadhili wa sataranji, na kwa umri wako ningeitafuta njia hiyo kabla ya kutafuta zawadi.

Kwa hiyo kocha wako yuko sahihi nusu. Iache Englund ibaki kwenye simu, na dhidi ya d4 jifunze ulinzi mmoja wa kawaida, kama d5 na e6, hata kama unakuchosha. Ufunguzi wa b4 uendelee nao. Kabla ya hapo, toa karatasi za ile michezo minne, na katika kila mmoja utafute hatua ambayo nafasi yako iliharibika kweli. Ukikuta ni hatua ya 8, ufunguzi ndio uliokuangusha. Ukikuta ni hatua ya 35, mmebaki na ngome kwa ngome, askari wakiwa sawa, basi b4 haihusiki, na wiki zako tatu zijazo ni za kujifunza miisho ya ngome.