Kabla ya Kuandika "Hakuna Kilichoota"

Ninyi mnaoanza kazi katika maabara ya bakteria mtakumbushwa sana juu ya joto la inkubeta na muda wa kuotesha, lakini suala la hewa husahaulika, nalo ndilo lililonipotosha. Katika mwaka wangu wa kwanza nililetewa usaha wenye harufu kali, uliotolewa kwenye jipu la ndani ya tumbo. Baada ya kuupaka rangi ya Gram, inayowafanya bakteria waonekane, niliona kwa hadubini bakteria tele, ilhali sahani ya agari ya damu, yaani chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, niliyoiacha kwenye hewa ya kawaida ilikuwa safi hata siku ya pili. Nikaandika kwamba hakuna kilichoota. Msimamizi wangu alilinganisha majibu hayo mawili, kisha akaniuliza: "Uliwaotesha kwenye hewa gani?"

Aliuliza hivyo kwa sababu si bakteria wote wanaostahimili oksijeni ya hewani. Oksijeni inapotumika ndani ya seli huzaa kemikali zenye sumu, kama vile superoksaidi na haidrojeni peroksaidi. Bakteria wa kifua kikuu, ambao hawakui bila oksijeni, wana vimeng'enya vya kuvunja sumu hizo. Wale wa pepopunda, wanaochipua katika jeraha la kina lisilofikiwa na hewa, hawana kinga ya kutosha, na oksijeni huwadhuru. Escherichia coli hukua penye oksijeni na pasipo nayo, ingawa ikiwepo hupata nishati nyingi zaidi. Wanaohitaji uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni Campylobacter wa kuharisha, kwani hutaka oksijeni ya takriban asilimia 5 tu, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 21.

Waotesheni bakteria katika neli ya mchuzi wa thayoglikoleti, yaani kimiminika cha kuoteshea ambacho oksijeni hubaki sehemu ya juu tu, mkaitazame kwenye mwanga bila kuitikisa. Utepe wa waridi ulio juu ni rangi ya resazurini inayoonyesha mahali oksijeni ilipofika. Bakteria wanaoitegemea oksijeni huonekana kama wingu juu kabisa, wanaoikimbia hujikusanya chini, na Escherichia coli hutanda neli nzima, wakiwa wengi zaidi juu.

Msidhani pia kwamba mtungi wa mshumaa, ambamo sahani hufungiwa pamoja na mshumaa unaowaka, hauna oksijeni, kwa kuwa mshumaa huzimika ikiwa bado ipo nyingi. Mtungi huo hufaa kwa bakteria wanaopenda kabonidioksidi. Na usaha wa jipu la ndani uombeni uvutwe kwa sindano, hewa itolewe, kisha uletwe maabara mara moja, kwa sababu kwenye kijiti cha pamba cha kuchukulia usaha kilichokaa wazi, hewa huwa imekwisha kuwaua wale mnaowatafuta.