Kwa mtoto njiti, upendo hupimwa kwa saa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, upendo ni dawa?", limenigusa pabaya. Jibu langu la kwanza ni hapana. Swali hilo lina upande wa pili ambao husemwa kwa sauti ya chini kwenye korido za wodi za watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati: kama upendo ni dawa, basi aliyefiwa na mtoto hakumpenda vya kutosha. Mama ambaye kichanga chake cha kilo 1.2 kimefariki siku ya nne huambiwa na mawifi kwamba mimba hiyo hakuitaka tangu mwanzo, alikuwa na kinyongo moyoni, ndiyo maana. Maneno hayo ni uongo, na anayeambiwa bado anavuja maziwa.

Kwa hiyo naomba nijibu swali lililo jirani na lenu: ni kitu gani hasa humsaidia njiti akiwa kifuani mwa mama, na ni nani humwezesha mama kukaa naye hapo.

Njiti hupoteza joto haraka kwa sababu ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni kidogo sana, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka hapo, sukari na oksijeni aliyonayo inatumika kujipasha joto badala ya kukua. Anachoka kunyonya, sukari inashuka zaidi, halafu pumzi zinaanza kukatika. Mlolongo huo unaweza kuanza kwa kofia iliyoloa tu.

Namna ya kumbeba, basi, kwa njia iitwayo kangaruu. Mtoto avuliwe vyote, abaki na nepi, kofia kavu na soksi. Mama avue sidiria, na kifuani asipake losheni wala manukato. Mtoto awekwe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kigeukie upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo, miguu ikunjwe kama ya chura. Doti ya khanga ina vipande viwili, na vyote vina kazi: kimoja cha kufungia, kingine cha kujifunika. Ukingo wa juu wa kile cha kufungia ufike chini kidogo ya sikio la mtoto, na mkazo uwe usawa wa kifua chake. Tumbo liachwe huru, kwa kuwa njiti hupumua kwa tumbo.

Kinachoharibika mara nyingi ni fundo. Mama anainama kuchukua beseni, khanga inalegea, mtoto anateleza chini, shingo inakunjika na kidevu kinagusa kifua. Njia ya hewa inaziba kimya kimya, bila kilio. Ndiyo maana muuguzi mzuri hapiti kitandani bila kufunua khanga kidogo na kuangalia shingo. La pili ni fulana. Bibi anamwonea mtoto huruma, anamvisha nguo mbili tatu, kisha anamrudisha kifuani. Joto la mama halimfikii tena. La tatu ni kumbeba kwa muda wa saa moja tu asubuhi na muda kama huo jioni, wakati mwingine wote yuko kitandani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana, kuanzia mara tu baada ya kuzaliwa. Ambao hawaanzishiwi kwanza ni wale wasioweza kupumua wenyewe, wanaohitaji mashine ya kuwapumulia, au ambao mzunguko wao wa damu umeporomoka.

Angalieni kwamba katika yote hayo sijataja upendo. Kifua cha baba kinapasha joto vilevile. Kifua cha mama mwenye hofu, au aliyekasirika, au ambaye bado haamini kwamba kile kiumbe ni mwanawe, kinapasha joto vilevile. Wako wanaomwogopa mtoto kwa wiki nzima na bado wanambeba sawasawa, na anakua.

Na sasa nitakaa kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu lilibadilisha mengi na kwetu halizungumzwi inavyostahili.

Njia hii ya kangaruu ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale Instituto Materno Infantil. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi na inkubeta, yaani mashine za kuwatunzia joto, chache, watoto wanalazwa wawili watatu kwenye mashine moja na kuambukizana. Akawapa mama zao wawabebe. Kwa miaka mingi baadaye hospitali ziliipokea njia hiyo kwa sharti moja: mtoto atulie kwanza. Akae kwenye mashine ya joto siku mbili, tatu, wiki, pumzi na joto vikishakaa sawa ndipo apewe mama. Lilionekana jambo la busara. Lakini njiti wengi wanaofariki, hufariki kabla hawajatulia, kwa hiyo njia ilikuwa inawafikia wale waliokwisha kuvuka mto.

Mwishoni mwa 2017 ukaanza utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto walikuwa wa kilo 1.0 hadi 1.799. Kundi moja lilitunzwa kwa utaratibu wa zamani. Kundi la pili liliwekwa kifuani mara moja, likiwa bado halijatulia, pamoja na dripu na mpira wa puani. Ili hilo liwezekane ilibidi kufanyike jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: vitanda vya kina mama viliingizwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, mahali ambapo mama alizoea kuchungulia kwa dakika chache na kutolewa nje. Mama aliyepasuliwa alihudumiwa kidonda chake palepale alipolala na mtoto.

Januari 2020 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Kamati huru iliyokuwa inafuatilia takwimu iliona tofauti ni kubwa kiasi kwamba kuendelea kuwanyima kundi la kwanza kusingekuwa haki. Walikuwa wamefikia watoto 3,211. Katika kundi la zamani walifariki asilimia 15.7 ndani ya siku 28. Katika kundi la kifuani, asilimia 12.0. Matokeo yalichapishwa 2021. Maana yake ni kwamba kwa kila watoto 27 hivi waliowekwa kifuani mapema, mmoja zaidi alipona. Maambukizi ya damu yalipungua, na kupoa mwili kulipungua. Makundi yote mawili yalikuwa na oksijeni, dawa za kuua bakteria, na mashine ya kusukuma hewa puani ili mapafu yasinywee. Kilichotofautiana ni kifua, pamoja na kumweka mama karibu.

Tarakimu inayonirudisha kwenye swali lenu, Mhariri, ni nyingine. Wale wa kundi la kifuani, wakiwa chumba cha uangalizi, walibebwa kwa wastani karibu saa 17 kwa siku. Wa kundi la zamani, saa moja na nusu.

Saa 17! Mwanamke mwenye mshono tumboni, anayetakiwa kukamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku ukiwamo, ale, aoge, aende chooni, alale. Mtoto wa kilo 1.5 siku ya kwanza huhitaji kama mililita 60 kwa kila kilo, yaani mililita 90, zigawanywe mara nane, mililita 11 hivi kila mlo, kwa kikombe kidogo au kwa mpira. Hakuna mama anayeyamaliza hayo peke yake. Katika utafiti ule walichaguliwa wa kumpokea: bibi, shangazi, dada, jirani. Alinawa mikono hadi kiwikoni, akavua nguo ya juu, akafungiwa mtoto. Na hapo msimamo niliouanza nao unalegea. Kifua hakiulizi kama unampenda mtoto, sawa. Lakini saa 17 haziji zenyewe. Huletwa na mtu anayempenda mama kiasi cha kukubali kulala ameketi kwa ajili yake.

Nyumbani mambo ndiyo hugeuka. Wodini mtoto alikuwa anaongezeka gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, ameruhusiwa, na mama anarudi kwenye nyumba ya kuni na ndoo. Arobaini yetu ya uzazi, mila nzuri kabisa, ingefaa hapa: mama anapumzishwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, anakandwa. Lakini kwa njiti inahitaji marekebisho madogo. Wakati mama anakandwa kwa maji ya moto, mtu mwingine awe tayari amembeba mtoto kifuani, si kumwacha kitandani kwenye upepo wa feni. Wageni wa kuja kutoa hongera wapunguzwe. Na baba asiishie kununua nepi.

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama aliyejifungua njiti, na ni hatua kubwa. Mama lishe hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake ni shoga yake atakayemshikia meza.

Basi jibu langu, baada ya yote, ni ndiyo, kwa masharti. Ndiyo kwa upendo unaoonekana kwa saa, fundo na zamu ya usiku, hasa ule anaopewa mama na watu wake. Hapana kwa upendo unaotumika kumpima aliyefiwa, kwa sababu hata kifuani, hata kila kitu kikifanywa sawasawa, asilimia 12 walifariki. Na hapana kwa upendo unaochukua nafasi ya hospitali. Mtoto akiacha kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, miguu ikiwa baridi ilhali yuko kifuani, au manjano ikifika viganjani na nyayoni, msingoje apate nafuu kwa kubebwa. Pumzi ikikatika, msugueni mgongo huku mnaondoka. Na njiani, iwe bajaji au gari la jirani, msimfunge kwenye mablanketi na kumlaza kitini. Aende hivyohivyo alivyo, ngozi kwa ngozi, khanga ikiwa imekazwa na shingo imenyooka.