Marudio yaliyopita zebaki usiyatie sayanaidi, soma kwanza kabla hujalipa

Mkuu usilipe. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma ulichoandika, kuna mzee kule Itumbi, Chunya, anakuuzia rundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa dhahabu, pembeni ya mwalo wake wa kuoshea, sampuli imesoma dhahabu vizuri, fundi wa sayanaidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu kwenye maji, umeshampata wa kukujengea matenki, sasa unauliza tani moja ununue bei gani, sayanaidi kilo ngapi, kaboni ya kunasia dhahabu ya aina gani, na ilushoni, yaani kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ukafanyie Mbeya au Mwanza. Umeuliza yote hayo ila moja hujauliza, na hilo ndilo litakula hela yako. Hayo marudio yamepita kwenye zebaki au hayajapita?

Nikujibu tu mimi, yamepita. Mwalo wenye karasha ya kusaga mawe, wenye vijana wanaoosha na kukamatisha dhahabu kwa zebaki tangu asubuhi, marudio yake yatakosaje zebaki? Na ndiyo maana sampuli yako imesoma vizuri. Zebaki kwa kawaida inakamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe, ile laini laini inaipita, inabaki kwenye mchanga. Inabaki pamoja na zebaki yenyewe, ile iliyosagika ikawa vumbi vumbi hata kwa macho huioni. Kwa hiyo rundo unalouziwa lina dhahabu kweli, huyo mzee hajakudanganya hapo, ila lina na mwenzake ndani.

Mimi na ndugu zangu wawili tulinunua rundo la hivyo hivyo upande wa Makongolosi. Hela ilikuwa ya mpunga wa Usangu, na nyingine ya mama, sitaki hata kuitaja ni kiasi gani. Tulimuuliza fundi wetu mapema kabisa, bwana hii zebaki iliyomo haina shida? Akacheka. Akasema sayanaidi inaila zebaki, ikimaliza hapo hamna kitu, kila mtu anafanya hivi. Alisema kwa kujiamini kabisa, na alikuwa na shati lenye nembo ya mgodi, na sisi tukamwamini maana alikuwa anataja namba za pH, kile kipimo cha ukali wa tindikali kwenye maji, bila kusoma popote.

Na kweli inaila! Hapo ndipo alipotumaliza. Sayanaidi haichagui, inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki. Ikishayeyuka haijaisha, imehama tu, ilikuwa kwenye mchanga imekaa kimya sasa iko kwenye maji inatembea. Sehemu inaenda kukaa kwenye kaboni pamoja na dhahabu yako, sehemu inabaki kwenye maji ya tenki ambayo mwisho wa siku utayamwaga mahali.

Sasa ona inavyokula hela. Tulikuwa tunapima nguvu ya sayanaidi asubuhi, jioni imeshuka, tunaongeza, kesho imeshuka tena. Fundi anasema mchanga una shaba inayokula sayanaidi, ongezeni. Tunaongeza. Sayanaidi tunanunua sisi, yeye analipwa kwa siku, kwake shida iko wapi. Nyingine ilikuwa inaliwa na zebaki pale pale chini ya miguu yetu na sisi tunahesabu ndoo tupu. Kaboni nayo nafasi zake zikachukuliwa na zebaki, dhahabu iliyopanda ikawa ndogo kuliko tulivyopigiwa hesabu kwenye karatasi. Tulipopeleka ilushoni, mwenye mtambo alivyoona kilichotoka akasema mzigo wa pili msiniletee, mmenichafulia mfumo. Na alikuwa na haki.

Ila hayo ni hela, hela inatafutwa. Kilichoniuma ni siku ya kuyeyusha dhahabu kwa moto.

Ule uchafu mweusi uliotoka kwenye mawaya ya ilushoni ukaushwe, utiwe boraksi, ule unga wa kusaidia dhahabu iyeyuke, uingie kwenye jungu. Tulifanyia kwenye kibanda cha mabati, kijana wetu ameinama na koleo, kitambaa kimefungwa puani, kitambaa cha kawaida tu ambacho kwa mvuke wa zebaki ni sawa na hakuna. Dhahabu mpaka iyeyuke ni nyuzi 1064, zebaki inachemka kwenye 357, kwa hiyo kabla dhahabu haijaanza hata kulainika zebaki karibu yote imeshapanda hewani, na haina rangi wala harufu ya kukushtua. Moto ulivyopoa nikainua macho nikaona bati la juu lina vijitone vidogo vya rangi ya fedha, vimejipanga kama umande, ukivigusa vinakimbia. Nikaelewa hapo hapo tulichokuwa tunavuta. Usiku kijana akaanza kukohoa, kifua kimebana, homa, anasema mdomoni ana ladha kama amelamba sarafu. Tukampeleka hospitali, akalazwa, tukamwambia daktari wazi kuwa ni zebaki. Amepona, namshukuru Mungu, lakini kwenye kuyeyusha hajarudi tena na mimi sitamwomba arudi.

Fundi tulimpigia simu. Akasema mlitakiwa kuyeyushia nje. Basi. Mtu aliyetuambia zebaki itaisha ndiyo anatuambia tungeyeyushia nje, maana yake alikuwa anajua ipo. Nawaomba mafundi mnaosoma hapa, kama hujui sema sijui, watu wanauza mashamba kwa neno lako moja.

Na nje yenyewe ni wapi? Nje kuna mama ntilie, kuna watoto wanatoka shule. Kuna wachimbaji wanachoma kwenye jiko la mkaa uani, sufuria ya ugali iko hatua mbili. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yake ya 2018 lilisema kati ya zebaki yote inayoingia hewani duniani kwa shughuli za binadamu, karibu asilimia 38 inatoka kwetu sisi wachimbaji wadogo. Ukiniambia makaa ya mawe nakwambia tumeyapita.

Halafu kitu ambacho watu wengi wamekigeuza. Huku kwetu kila mtu anaogopa sayanaidi, zebaki anashika kwa mkono mtupu, anaibeba kwenye chupa ya maji mfukoni. Ni kweli sayanaidi inaua haraka. Bwawa lako bila uzio ng'ombe wa watu watakunywa na watalala pale pale, na pH ikishuka chini ya 10 inaanza kutoka kama hewa, ukivuta umekwenda, chokaa inayoshikilia pH juu usiipunguze na tindikali isikae hata stoo moja nayo. Mwaka 2000 kule Baia Mare, Romania, bwawa la mgodi lilipasuka, maji yenye sayanaidi kama mita za ujazo laki moja yakaingia mtoni, samaki wakafa mpaka nchi ya jirani. Lakini sayanaidi ikipata jua na hewa inavunjika, ndani ya muda inapungua nguvu. Zebaki haivunjiki. Ni elementi, itavunjika iwe nini? Iliyomwagwa na babu yako kwenye mialo ya Lupa huku Chunya miaka ya 1930 bado ipo mahali fulani.

Na ukiiyeyusha kwa sayanaidi ukaimwaga umeipa gari. Maji ya bonde la Lupa yanashuka Ziwa Rukwa, na Ziwa Rukwa halina mto wa kutoka, kinachoingia kinakaa. Kwenye tope vijidudu vinaigeuza kuwa ile zebaki inayoingia kwenye samaki, samaki mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa unamla wewe na mkeo mjamzito. Japani kwenye ghuba ya Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka na miaka, ugonjwa ukaja kutambuliwa rasmi 1956, watoto wakazaliwa na ubongo umeharibika na mama zao hata hawakuonekana kuumwa. Mkataba wa dunia wa zebaki umepewa jina la mji huo, Tanzania tumeuridhia 2020, na kwenye vitu ambavyo mkataba unataka vikomeshwe kwa wachimbaji wadogo kimoja ni hiki hiki unachotaka kufanya: kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Wameandika kabisa. Sisi hatukuambiwa na mtu yeyote, tuliomba vibali na hakuna ofisa aliyetuuliza swali hilo.

Kwa hiyo kanuni ni moja na mimi naishika hata mtu aniletee rundo la bure: marudio yaliyopita zebaki hayaingii kwenye sayanaidi. Unataka sayanaidi, tafuta mchanga ambao haujaguswa, au kaa na wenye mawe muelewane tangu kwenye karasha kwamba hapa zebaki haitumiki, mnaosha kwa mteremko uliotandikwa zulia la kunasa dhahabu, ule mchanga mzito wa mwisho unayeyushwa na boraksi moja kwa moja kama wanavyofanya wachimbaji wadogo wa Benguet kule Ufilipino, mchanga unaobaki ndiyo unaingia tenki. Hapo hata dhahabu yenyewe inatoka zaidi.

Na usimwamini mwenye rundo kwa maneno. Chimba rundo sehemu nyingi, usichukue juu tu maana zebaki ni nzito inashuka, mpaka chini kabisa kwenye udongo wa asili. Osha kwenye karai taratibu mpaka ubaki na ule mchanga mweusi mzito, peleka juani, uzungushe. Ukiona hata kitone kimoja cha fedha kinateleza pembeni ya mweusi, funga mifuko nenda nyumbani. Usipoona bado usishangilie, iliyosagika haionekani, peleka sampuli ipimwe zebaki yenyewe, sio dhahabu peke yake kama ulivyofanya. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mbeya, na utalazimika kwenda kwao tu maana sayanaidi huruhusiwi kuimiliki bila kusajiliwa nao, sheria ya kemikali ya 2003. Waulize hilo la zebaki siku hiyo hiyo.

Mzee akikataa usichimbe rundo lake mpaka chini, jibu umeshapata bila maabara.

Kaboni na bei ya tani wapo humu watakujibu. Wewe leta kwanza majibu ya zebaki, yaweke hapa hapa, na huyo fundi wako mwulize zebaki ikiisha kuliwa inaenda wapi, atakachokujibu kiandike pia.