Unga wa arginini na sitrulini: soma haya kabla hujamnunulia mzee wako

Tangu nianze kuandika habari za kumuuguza baba baada ya kiharusi, swali ninaloulizwa kuliko yote ni la makopo. Ule unga wa asidi amino unaosemekana kufungua mishipa, kupeleka damu kichwani na kurudisha kumbukumbu, unafaa au haufai? Wanaouliza wengi wana mzazi mwenye presha, na baadhi yao wameshalipa. Kwetu Tanga makopo hayo yamepita mengi. Mengine yaliletwa na jirani anayeyauza, mengine yalitumwa na kaka yangu aliyeko Muscat, na kila moja nimelisoma na kumpelekea mfamasia kabla halijafunguliwa.

Jibu langu ni hili. Sayansi iliyo nyuma ya unga huu ni ya kweli kabisa. Ahadi zinazobandikwa juu yake ndizo zilizovuka mpaka. Na kwa mgonjwa wa presha, hatari kubwa ni dawa anayoambiwa aiache pale anapoanza kuutumia.

Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa utando mwembamba sana wa seli. Seli hizo huchukua arginini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na kutengeneza kutokana nayo gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo hupenya kwenye msuli wa mshipa na kuufanya ulegee. Mshipa unatanuka, damu inapita kwa nafasi. Mwaka 1980 Robert Furchgott, mtafiti wa Marekani, alieleza alichokiona kwenye vipande vya mshipa mkuu wa sungura: kipande chenye utando wake kilikuwa kinalegea kikiwekewa dawa ya asetilikolini, kilichokwanguliwa utando kikawa hakilegei. Ilichukua miaka kadhaa kujua kwamba kinachotoka kwenye utando ule ni gesi hiyo. Mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Murad alikuwa ameonyesha kwamba nitrogliserini, dawa ya siku nyingi ya maumivu ya kifua, inafanya kazi kwa kutoa gesi hiyohiyo. Inanigusa kila ninapokumbuka kwamba Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya nitrogliserini, alipougua moyo mwishoni mwa maisha yake aliandikiwa nitrogliserini na madaktari wake.

Kwa ubongo jambo hili lina uzito wa pekee. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta, na hauna akiba ya kuutosha hata dakika chache. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, mishipa midogo iliyo karibu nayo hutanuka ili kuihudumia, na naitriki oksaidi ni mmoja wa wajumbe wanaoiamrisha itanuke. Kwa hiyo anayetumaini kwamba arginini itamsaidia mzee wake si mjinga. Ameshika uzi wa kweli, ila uzi huo haufiki anakoambiwa unafika.

Kwanza, arginini ikimezwa sehemu kubwa haifiki mbali. Matumbo na ini vina kimeng'enya cha kuivunja, na kiasi kingi huishia hapo. Ndiyo maana wanaozijua habari hizi hupendelea sitrulini, asidi amino ambayo Wajapani waliitoa kwenye maji ya tikiti mwaka 1914. Sitrulini hupita kwenye ini bila kuguswa sana, ikifika kwenye figo inageuzwa kuwa arginini, na hivyo hupandisha arginini kwenye damu vizuri zaidi kuliko arginini yenyewe. Tumbo nalo huistahimili. Arginini ikizidi mara nyingi huleta kichefuchefu na kuharisha. Ukikuta makopo mawili, moja la arginini na moja la sitrulini, na daktari ameshakuruhusu, chukua la sitrulini.

Pili, na hapa ndipo wauzaji hawapagusi, kwa wazee wetu wengi kinachokosekana si arginini. Mwili huitengeneza na chakula huileta. Kilichoharibika ni ule utando, umechakazwa na presha ya miaka, sukari, sigara na mafuta ya kwenye damu. Ukimwongezea unga mwokaji ambaye tanuri lake limepasuka, mikate haiongezeki. Majaribio ya arginini yakijumlishwa pamoja, ile namba ya juu ya kipimo cha presha hushuka kwa kama pointi 5. Si haba, lakini mtu mwenye 170 hajaokoka kwa pointi 5. Na kuhusu kumbukumbu, ushahidi wa kutegemewa kwamba unga huu unamrudishia mzee kumbukumbu zake haupo.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila muuzaji aujue kabla hajagonga mlango wa mtu. Ulichapishwa Marekani mwaka 2006. Watu 153 waliotoka kupata shambulio la moyo waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa arginini gramu 3 mara tatu kwa siku, wengine unga usio na kitu. Mioyo ya waliopewa arginini haikuimarika kuliko ya wenzao. Walikufa sita katika kundi hilo, na kwenye kundi lingine hakufa hata mmoja. Watafiti wakasimamisha zoezi. Idadi ni ndogo na huwezi kusema kwa uhakika kwamba arginini ndiyo iliyowaua, lakini tangu hapo ushauri umekuwa mmoja: aliyetoka kupata shambulio la moyo asipewe. Na kwenye makopo niliyoyashika mimi, sijaona hata moja lenye onyo hilo.

Sasa nieleze yaliyotokea kwetu. Baba anatumia vidonge viwili vya presha, na kila Jumapili jioni namjazia kile kiboksi chenye vyumba vya siku. Siku moja niliporudi kujaza nikakuta vyumba vyote vimejaa vilevile, na pembeni ya redio yake kuna kopo jipya na kijiko ndani.

"Baba, mbona vidonge hujavigusa?"

"Yule mama wa makopo kasema huu unasafisha mishipa yote mpaka ya kichwani. Vidonge vya nini tena, mwanangu?"

Nikamwomba akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, tukanyamaza kidogo, kisha nikampima. Ilisoma 178 kwa 104. Nikasubiri dakika moja, nikarudia, haikubadilika sana. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi, presha hiyo ni mlango wazi wa kiharusi cha pili.

Sikugombana naye. Mzee wa umri ule ukimfokea atakunywa unga kwa siri. Nilichukua kopo pamoja na maboksi yake yote ya dawa, tukaenda kliniki. Daktari alilizungusha kopo, akasoma, akamwambia kwa heshima zote: "Mzee, huu ni chakula. Dawa yako ni hii." Baba akakubali, kwa sababu hakuambiwa amedanganywa, aliambiwa kila kitu kina kazi yake. Nawashauri mfanye hivyohivyo. Pelekeni kopo lenyewe, msipeleke jina mlilolikariri. Daktari anahitaji kusoma kilichomo.

Kilichomo kina mambo yake. Makopo mengi huandika kwa mbele sitrulini gramu 6, ukigeuza nyuma unakuta ni sitrulini maleti, yaani imechanganywa na asidi ya maliki, kwa hiyo sitrulini yenyewe ni pungufu. Mengine yanataja mchanganyiko maalumu wenye vitu kumi na jumla moja ya gramu, bila kusema kila kimoja ni kiasi gani. Hilo mimi silinunui hata likiwa na picha ya daktari. Lililotiwa kafeini ili mnywaji ahisi ameamka halimfai mgonjwa wa presha. Wala maneno "imetoka Marekani" yasikutulize. Kwa sheria ya kule ya mwaka 1994, virutubisho vya namna hii huingia sokoni bila mamlaka ya dawa kuvipitisha kwanza kama inavyopitisha dawa.

Kuna watu ambao nisingewapa bila idhini ya daktari wao. Anayetumia dawa za presha, kwa sababu presha inaweza kushuka kupita kiasi, hasa akiinuka ghafla usiku kwenda msalani. Anayetumia nitrati za moyo, yaani dawa za maumivu ya kifua kama ile nitrogliserini. Mgonjwa wa figo, kwa kuwa figo ndizo zinazoigeuza sitrulini. Anayesubiri upasuaji. Na wanaume wanaotumia sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume, tuseme ukweli, wazee wetu wanaitumia na hawasemi: dawa hiyo inapita njia ileile ya naitriki oksaidi, na unga huu, dawa za presha na sildenafili vikikutana, mtu anaweza kuanguka. Mtoto wa kiume au mjukuu amuulize babu faraghani. Mimi niliomba kaka aulize kwa simu, na aliambiwa kitu ambacho mimi nisingeambiwa kamwe.

Nisiwafanye mdhani asidi amino ni porojo hospitalini. Kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ambao umewakalia watoto wetu Afrika Mashariki, seli nyekundu zinapopasuka humwaga kile kimeng'enya kinachokula arginini, na himoglobini iliyomwagika humeza naitriki oksaidi. Hapo upungufu ni wa kweli. Watafiti wamewapa watoto wenye selimundu wa Dar es Salaam chakula maalumu kilichoongezwa arginini na sitrulini ili kupima faida yake. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha glutamini, asidi amino nyingine, kuwa dawa ya ugonjwa huo. Lakini huo ni ugonjwa maalumu, kwa kipimo, chini ya macho ya daktari. Si jambo la kuhamishia kwa mzee wa miaka sabini anayesahau miwani yake.

Pesa ya kopo moja, kwetu, siku hizi inakwenda sokoni. Karanga zina arginini nyingi, kama gramu 3 katika kila gramu 100, na mbegu za maboga zinazidi hapo. Zikaangwe bila chumvi. Dagaa, samaki, kunde na maharage vinayo pia. Tikiti lina sitrulini, hata ile sehemu nyeupe tunayoitupa, ingawa ili upate kiasi kinachotumika kwenye majaribio ungelazimika kula zaidi ya kilo moja kwa siku, na mwenye kisukari hawezi. Mimi ninaloliamini zaidi ni mchicha. Majani haya yana nitrati, ambazo bakteria wa mdomoni huanza kuzigeuza, na mwishowe mwili hupata naitriki oksaidi kwa njia ya pili isiyohitaji arginini. Usiuchemshe ukamwaga maji, nitrati zinaondoka nayo. Na yale maji ya dawa ya kusukutulia mdomo yanayoua vijidudu, asiyeandikiwa na daktari wa meno asiyatumie kila siku; yanaua na hao bakteria wanaotusaidia.

Kutembea nako kunafanya kazi ileile. Damu ikipita kwa kasi inausugua utando wa mshipa, na utando unajibu kwa kutoa naitriki oksaidi. Baba anatembea asubuhi kabla jua halijawa kali, mpaka msikitini na kurudi, polepole, na fimbo yake. Chumvi tumeipunguza mpaka tunakaribia kile kiasi cha Shirika la Afya Duniani, chini ya gramu 5 kwa siku, ambacho ni kijiko kidogo cha chai kisichojaa, chumvi ya kwenye mkate na supu ya pakiti ikiwemo.

Kama kinachokusukuma kununua kopo ni usahaulifu wa mzee, kwanza dai vipimo. Upungufu wa vitamini B12 husahaulisha, na anayemeza metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi yumo hatarini. Tezi la shingo likifanya kazi pungufu, mtu hupoa na kusahau. Huzuni ya kufiwa hufanana sana na kupoteza kumbukumbu. Dawa za mafua na mzio zile zinazolewesha usingizi humchanganya mzee kabisa. Hata masikio: asiyesikia vizuri ataonekana hakumbuki, kumbe hakulisikia ulilomwambia. Haya yote yana tiba.

Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakikwama, asimezeshwe kitu chochote, si unga, si maji, si kidonge, maana anaweza kupaliwa. Andika saa uliyomwona mara ya mwisho akiwa mzima, kisha tafuta gari la kwenda hospitali kubwa yenye kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na ile saa uliyoiandika ndiyo daktari atakayokuuliza kwanza.