Swala tano katika msimu wa korosho

Ukimuuliza mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, kwa nini swala inampita shambani, atakwambia muda hautoshi. Lakini rakaa nne za Adhuhuri, hata kwa utulivu, hazifiki dakika kumi. Kinachokula muda ni kuanza kutafuta maji na nguo wakati umeshaingia. Hayo yaandae usiku.

Maji kwanza, kwani juu kule uwandani kila ndoo ina thamani. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja, chini ya lita moja. Chupa ya lita moja na nusu yenye kizibo kilichotobolewa tundu dogo hutosha Adhuhuri na Alasiri. Bila tundu, nusu itamwagika kwenye mkono wa kwanza. Ukikosa maji kabisa, tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, ila udongo uwe mtupu. Chini ya mkorosho uliopuliziwa, vumbi limechanganyika na salfa, ile dawa ya unga, kwa hiyo sogea mbali.

Nguo zinawazuia wengi bure. Doa la bibo, tunda la mkorosho, halitoki, lakini si najisi. Pombe ya mabibo ndiyo ya kuoshwa. Hata hivyo, kikoi safi ndani ya mfuko wa plastiki hakina uzito, na kusimama mbele ya Mola ukiwa nadhifu kuna raha yake.

Wakati wa kupuliza, Juni na Julai, kazi huanza gizani kwa sababu upepo umetulia na umande unashika unga. Alfajiri huingia kama saa 11:25, jua huchomoza saa 12:40 hivi. Swala hupotea kwa neno moja: "nimalize mkorosho huu." Mashine ikishawaka, mti huvuta mti mwingine. Sali, ndipo uiwashe.

Kwenye kuokota, Adhuhuri haina taabu, jua lenyewe linakufukuza kivulini. Mwanzoni mwa Novemba huingia saa 6 na dakika chache tu. Katikati ya Februari ni saa 6 na dakika 37 hivi. Alasiri ndiyo ya kuchungwa, hasa siku ya kupima korosho ghalani. Shikianeni foleni, mmoja asali, mwenzake abaki na magunia.

Na Qur'ani? Msahafu wa kurasa 604, ukurasa mmoja baada ya kila swala ya faradhi, ni siku 121. Ukianza Oktoba 1, unahitimisha Januari 29.