Nikeli juu ya pistoni ya alumini inapasuka: niongeze nguvu ya leza?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nilichanganya unga wa nikeli na gundi, nikaupaka kwenye kipande cha pistoni ya alumini kwa unene wa milimita 0.5, kisha nikapitisha leza ya faiba ya kilowati 2. Uso umekuwa mgumu sana, lakini una nyufa na mahali pengine unabanduka. Niongeze nguvu ili ushike?

JIBU: Marahaba. Punguza nikeli kwanza. Unga uliopakwa karibu nusu yake ni nafasi tupu, kwa hiyo una kama milimita 0.25 ya nikeli halisi. Nikeli ina gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo, alumini 2.7. Leza ikiyeyusha alumini kwa kina cha milimita 0.8, nikeli inafika takriban asilimia 51 ya uzito. Al3Ni, msombo mgumu unaozaliwa alumini na nikeli zikiungana, una nikeli asilimia 42 tu! Ukivuka hapo, haibaki alumini laini ya kushikilia chembe hizo ngumu. Uso wote unakuwa kigae, na ukipoa na kusinyaa lazima upasuke. Paka milimita 0.2 na utashuka hadi kama asilimia 29. Kuongeza nguvu nako kunapunguza asilimia hiyo, kwa kuyeyusha alumini zaidi, ila kwa kubahatisha, na pistoni inapinda.

Gundi nayo ikiungua hutoa haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka huinywa, kisha huitema inapoganda, na hapo ndipo vitobo vinapozaliwa. Tumia gundi kidogo mno na uikaushe kabisa. Kabla ya kupaka, futa kipande kwa asetoni, kisha kisugue kwa brashi ya chuma cha pua: oksidi, ile ngozi nyembamba ya juu ya alumini, huyeyuka karibu nyuzi 2,050 za Selsiasi wakati alumini yenyewe ni 660. Argoni, gesi ya kukinga uso na hewa, isikatike leza inapopita.

Kinachonikera ni hii imani kwamba ugumu ndio ubora. Wauzaji wa “koti la leza” humwonyesha mteja tupa ikiteleza bila kukwangua, basi pesa zinatoka. Toyota, inapoweka viti vya valvu (pale valvu inapokaa ikifunga) kwa leza kwenye silinda hedi, hutumia aloi ya shaba iliyobuniwa kwa kazi hiyo, wala haikimbilii madini magumu kuliko yote. Usilipe kabla ya kuona sampuli iliyokatwa, ikang'arishwa na kuwekwa chini ya hadubini. Nyufa na vitobo vya ndani tupa haivioni.

Na linda macho. Mwali wa leza ya faiba hauonekani, na alumini ambayo haijayeyuka huurudisha sehemu kubwa. Miwani ya kuchomelea haitoshi. Vaa iliyoandikwa urefu wa wimbi wa mashine yako.